Majina Elfu Nne

"Mwalimu alifariki, huu mwaka wa tatu. Mimi ni binti yake. Shule tulishaifunga. Asante kwa kumkumbuka."

Meseji hiyo iliingia saa mbili kasoro usiku, niko nyumbani Kihonda nakunywa chai. Niliisoma mara mbili, nikaweka kikombe chini. Ukweli ni kwamba sikuwa nimemkumbuka mwalimu yeyote. Programu ndiyo iliyomwandikia, saa kumi jioni, pamoja na watu wengine mia tatu, na kila mmoja ilimwita kwa jina lake kana kwamba tunajuana.

Mnaosoma hapa mmezoea niwaletee habari za vitabu. Leo niwasimulie kitabu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kununua: jedwali la Excel lenye mistari elfu nne. Kila mstari una jina la mtu, cheo, wilaya na namba ya simu. Nililinunua kwa shilingi elfu hamsini.

Chanzo chake ni maharage. Mjomba wangu analima Nyandira, kule Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Kwenda huko unashika barabara ya Iringa mpaka Sangasanga, halafu unaanza kupanda. Kona baada ya kona, mpaka unatoa sweta kwenye begi. Mgeta inajulikana kwa mboga: kabichi, karoti, njegere, viazi. Mboga haingoji mtu, inavunwa leo na kesho iko sokoni. Maharage yanangoja, na shida inaanzia hapo hapo. Kadiri yanavyongoja ndivyo fukusi wanavyoingia, na dalali naye anajua hivyo. Anakuja mara ya kwanza na bei yake, unakataa. Anarudi baada ya mwezi na bei ya chini zaidi, unakubali.

Mwaka jana nikamwambia mjomba, shule za bweni zinakula maharage karibu kila siku, kwa nini tusiwauzie wenyewe? Akanikabidhi magunia arobaini. Ishirini na mawili yalikuwa yake, mengine ya majirani. Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, na neno la mjomba ni zito. Akishasema mbele ya watu kwamba mpwa wake atauza, basi mpwa atauza. Ningeshindwa, aibu isingekuwa yangu peke yangu.

Kujua kwamba shule zinakula maharage ni jambo moja. Kujua ni shule ipi, ina wanafunzi wangapi, iko wapi na nani anaamua manunuzi ni jambo jingine kabisa. Mdogo wangu, aliyesomea mambo ya kompyuta, akaniambia, "Kaka, hii kazi iache kwa mashine." Akatengeneza programu ndogo: unaipa orodha, inaandika meseji kwa kila jina, inapokea majibu, aliyekaa kimya inamkumbusha baada ya siku nne. Alimaliza kwa wikiendi mbili. "Mashine ndiyo hiyo," akasema. "Sasa itafutie chakula."

Nikadhani chakula ndiyo kazi rahisi.

Kwanza tulijaribu huduma ya nje, zile unazolipia kwa dola kila mwezi ili upate majina na anwani za wanunuzi. Walitupa siku chache za bure. Nikaandika Morogoro. Vikatoka vyeo vya watu wa miradi, wahadhiri kadhaa, na meneja wa kampuni moja ambayo nina hakika ilishahama mji. Mhasibu wa shule ya bweni kule Mvomero hakuwemo, wala mtunza stoo. Baadaye nilielewa sababu. Huduma hizi hukusanya wanachoacha watu wenyewe kwenye intaneti: tovuti za kampuni, wasifu wa kazi, barua pepe za ofisi. Mtu anayefanya kazi yake kwa simu ya mkononi na kitabu cha risiti haachi alama ya namna hiyo. Kwa mashine ya ng'ambo, huyo mtu hajazaliwa. Kwa hiyo hata kama hela ya mwezi ningekuwa nayo, ningelipia ukungu.

Pili ndiyo ile orodha ya elfu hamsini. Kijana aliiuza kwa WhatsApp: wakuu wa shule, wamiliki wa shule, mahoteli, kanda ya mashariki yote. Sikumuuliza ameitoa wapi. Nilipiga hesabu tu: elfu hamsini gawanya kwa elfu nne, ni shilingi kumi na mbili na nusu kwa jina. Nikaona nimeokota dodo chini ya mnazi.

Siku ya kwanza tulituma mia tatu. Katikati ya jedwali safu moja ilikuwa imesogea, kwa hiyo watu kadhaa walisalimiwa "Habari za leo Mwl. Sanduku la Posta". Hilo tulilicheka. Majibu yalipoanza kuingia, kicheko kikapungua. "Nani kakupa namba yangu?" "Acha utapeli." Fundi gereji wa Turiani akaeleza kwa upole kwamba yeye si mkuu wa shule, amenunua laini hiyo kihalali, na toka ainunue wazazi wanampigia kuulizia ada. Namba isipotumika kwa muda, kampuni ya simu huichukua na kumpa mtu mwingine, ila hakuna anayepita kuwaambia wenye orodha. Wengi hawakujibu kabisa.

Halafu ikaja ile ya binti wa mwalimu.

Nikaandika, "Pole sana dada. Mungu amlaze mahali pema." Nilidhani yameishia hapo. Baada ya dakika chache akaandika tena: "Amina. Mlifahamiana naye wapi?"

Nimesoma vitabu vingi vyenye maswali magumu. Hilo limeshinda yote. Alikuwa anangoja kumbukumbu. Labda nilisoma shuleni kwa baba yake, labda nina kisa chake kimoja ambacho yeye hajawahi kukisikia. Na mimi nilichokuwa nacho ni risiti. Nikazima data, nikalala bila kujibu.

Asubuhi nikafanya nilichotakiwa kufanya kabla ya kutoa elfu hamsini: nikasoma sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali inayojulikana, na inampa haki ya kukutaka uache kuzitumia kumtangazia biashara. Jina, na namba ya simu pembeni yake, ni taarifa binafsi. Sina hakika yule kijana aliyeniuzia aliwahi kuisikia. Mimi nilikuwa nimeisikia redioni, nikadhani inawahusu mabenki.

Jumamosi nikapanda Nyandira. Nikamkuta mjomba barazani, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nikamwamkia, nikamweleza yote, pamoja na fundi gereji na binti. Hakunigombeza. Aliingia ndani akatoka na daftari.

Ni daftari la mkopo, la tangu enzi alipokuwa na duka. Nilishaliona mara nyingi bila kulisoma. Kuna majina yaliyokatwa kwa mstari mmoja, na pembeni ya kila lililokatwa kuna neno: *amelipa*, *amehamia Ifakara*, *tumegombana*. Pembeni ya jina moja ameandika: *amefariki, deni limeisha*.

"Sasa mjomba," akasema (kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo), "huyo aliyekuuzia majina, likiwa limekosewa yeye anapata hasara gani?"

"Hapati hasara."

"Mimi nikikosea hapa, maana yake nimemdai marehemu mbele ya watoto wake. Ndiyo maana nasahihisha."

Kisha akaongeza, kama kwa utani, kwamba huku mlimani mtu mwenye daftari hajawahi kupendwa. Wazee wake waliona serikali ya kikoloni ikilazimisha watu kuchimba matuta, mpaka mwaka 1955 vurugu zikalipuka. "Ukiandika majina ya watu," akasema, "watu watataka kujua wewe ni nani."

Nilishuka na swali lake moja, nikalifanya kipimo: nani anaumia orodha hii ikikosewa? Kama hakuna, hata ukipewa bure ni ghali. Kama yupo, inawezekana hata hailipiwi, kwa sababu kuna mtu anayeisahihisha kwa faida yake mwenyewe.

Tukaanza upya na matokeo ya kidato cha nne, yanayotangazwa na Baraza la Mitihani, NECTA, kila mwaka kwenye tovuti yake. Sisi tulizoea kuyafungua kutafuta jina la mtoto wa ndugu. Lakini yaangalie kama orodha ya shule. Shule iliyofungwa haina watahiniwa, kwa hiyo inajiondoa yenyewe. Idadi ya watahiniwa inakuonyesha ukubwa wa shule. Na ikikosewa watalia wanafunzi, wazazi na mwalimu mkuu kwa pamoja. Tulikwama sehemu moja tu: mashine ilihesabu baadhi ya shule mara mbili. Kumbe namba zinazoanza na S ni za shule, na zinazoanza na P ni vituo vya watahiniwa wa kujitegemea, ambao mara nyingi hufanyia mtihani kwenye majengo yale yale. Wale hawali bwenini. Tukawaondoa.

Bado hatukujua ipi ni ya bweni na ipi ni ya kutwa. Jibu la sehemu tulilipata kwenye fomu za kujiunga na kidato cha tano, ambazo TAMISEMI huziweka wazi. Shule nyingi za kidato cha tano za serikali ni za bweni, na fomu inakuonyesha shule ilipo, vitu vya kubeba, na simu ya mkuu wa shule. Hapo mdogo wangu akafurahi: "Namba hizi hapa, bure!" Nikamwambia hapana. Namba ile imewekwa kwa ajili ya mzazi anayetaka kujua mwanawe alete godoro la ukubwa gani. Kuwa wazi si ruhusa ya kuimwagia matangazo. Na kwa shule za serikali mlango wenyewe uko kwingine: manunuzi ya umma siku hizi yanapita kwenye mfumo wa NeST, na pale mnunuzi anasema mwenyewe anataka nini na mwisho lini. Hakuna taarifa ya mauzo inayoizidi hiyo, nayo haiuzwi.

Shule binafsi tulizitafuta kwenye ramani ya OpenStreetMap, ambayo yeyote anaweza kuichukua bure mradi ataje ilikotoka. Huchorwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo kwenye njia za vumbi ina mapengo. Kwa mapengo hayo tulitumia bodaboda. Simu tulizitoa kwenye mabango ya shule zenyewe, ambapo mwenye shule ameandika namba yake ili mtu apige.

Orodha mpya ilitoka na shule sitini na moja. Kutoka elfu nne hadi sitini na moja! Mdogo wangu alinuna wiki nzima. Programu haikutupwa, ila kazi yake imebadilika: inapitia matokeo mapya yakitoka, inaangalia zabuni, inanikumbusha nani nilimwahidi nini. Kupiga simu napiga mwenyewe. Sentensi yangu ya kwanza ni kusema mimi ni nani, na namba yao nimeiona wapi.

Magunia thelathini na moja yalikwenda kwa shule tano, kwa bei ambayo dalali hajawahi kuitaja. Tisa hatukuwahi, fukusi walitutangulia, tukayauza kwa hasara. Mjomba alitaka hasara hiyo iwe kwenye magunia yake, si ya majirani. Nimeiandika kwenye daftari langu kama deni.

Jedwali la elfu hamsini nimelifuta. Kwenye orodha yetu sasa kuna safu ya mwisho inayoitwa *sababu*, na hakuna jina linalokatwa kabla safu hiyo haijajazwa.

Mara ya mwisho nilipopanda Nyandira kupeleka hesabu, mjomba alizipokea hela, akazihesabu, akazifunga kwenye kitambaa. Halafu akauliza, "Na yule binti, mwishowe ulimjibu nini?"

Nikamwambia niliandika hivi: *Sikumfahamu mzee wako. Nilinunua jina lake kwenye orodha. Naomba unisamehe.*

"Akasemaje?"

"Hajasema kitu mpaka leo."

Mjomba akatazama bondeni, ukungu ulikuwa unapanda. "Sawa," akasema. "Lakini umemjibu."