Miezi Minane Bombay

Katika nyumba nyingi za watu wetu jina la Bombay lilisikika kabla mtoto hajaiona ramani. Kasha la bibi lilitoka Bombay, kitanda cha samadari kilitoka Bombay, na mahari za wazee wetu zilihesabiwa kwa rupia, sarafu ambayo Zanzibar iliiacha mwaka 1936 na Oman ikaendelea nayo, kwa sura moja au nyingine, hadi 1970. Sayyid Barghash alipelekwa huko uhamishoni mwaka 1859, kabla hajatawala. Siti binti Saad alikwenda huko mwaka 1928 kuimba nyimbo zake zitiwe katika sahani za santuri. Sultani Taimur bin Feisal wa Maskati aliuacha ufalme mwaka 1932, na mauti yakamkuta katika mji huo huo mwaka 1965. Nayataja haya ili isidhaniwe kwamba sisi tulikuwa wa kwanza kuivuka bahari ile. Wao walikwenda kwa mambo ya dola na sanaa. Sisi tulikwenda kwa maradhi.

Ilikuwa mwezi wa Juni 2016. Mke wangu alikuwa na saratani, na madaktari wa Maskati walituelekeza Mumbai, kama unavyoitwa mji ule sasa. Yeye alipewa viza ya matibabu. Mimi na mtoto wa dada yake, kijana wa miaka ishirini na mbili, tukapewa viza za wasindikizaji. Watu watatu wa nyumba moja, wenye pasipoti za nchi moja. Tulifika mvua zimeanza, na dereva wa teksi hakuuliza tumekuja kufanya nini. Alikuwa na jibu lake: Waarabu wa Ghuba huja kuitazama mvua. Na kweli wapo, tuliwaona ufukweni wakilowana kwa furaha. Mimi niliyezaliwa Unguja na kuzijua masika sikuona la kutazama.

Hoteli ingetumaliza, kwa hivyo tukatafuta nyumba ya kupanga maeneo ya Nagpada na Byculla. Mtu wa kukutafutia nyumba huitwa dalali, kama kwetu, naye hufanya kazi kama madalali wa kwetu. Mkataba aghalabu huwa wa miezi 11. Mwenye nyumba aliyempokea mgeni wa nchi nyingine alilazimika kumwarifu kwa serikali kwa fomu iliyokuwa ikiitwa C, na wengi hawakutaka usumbufu huo. Hilo nalifahamu; nimefanya ukarani miaka thelathini na najua fomu moja inavyoweza kumharibia mtu siku.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lisilokuwa la fomu. Nilipokwenda mimi, nimevaa kanzu na kofia ya Kiomani, mlango ulifunguliwa kwa bashasha na kodi ikapanda papo hapo. Alipokwenda kijana wetu, ambaye rangi yake ni ya bibi yake mzaa mama, aliambiwa jengo ni la wasiokula nyama, au makapera hawatakiwi, au nyumba imeshachukuliwa. Kuna nyumba moja aliyokwenda kuiona saa nne ya asubuhi akaambiwa imepata mpangaji. Mimi nilikwenda saa nane mchana nikaikuta tupu, nikafunguliwa hadi kabati za jikoni nizikague. Nilimuuliza dalali maana yake. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayenisitiri, kwamba watu wanawaogopa Waafrika. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyezaliwa Afrika. Huyu amezaliwa Maskati." Alicheka sana, akidhani namfanyia mzaha.

Kijana hakucheka. Usiku ule aliniuliza, "Baba, sasa mimi ni nani hapa?" Swali hilo si geni kwetu. Unguja tuliitwa Wamanga, Oman tukaitwa Wazanzibari, na kila upande ulikuwa na hakika yake. Wala sitaki kuutupia lawama mji wa watu, maana majumbani mwetu wenyewe, posa zilipokuwa zikizungumzwa, rangi ilipimwa kwa mizani ya dhahabu. Khasa ninyi mnaosoma kutoka Dubai na London mnayajua niyasemayo. Lakini kuyajua si kuyazoea, na nilimwona kijana wetu akianza kunitanguliza mimi kila mlangoni.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa ghorofa ya tatu, bila lifti, karibu na Mohammed Ali Road. Mwenyewe hakutuuliza chochote zaidi ya amana. Jirani yetu alikuwa mama mjane wa Kikonkani ambaye marehemu mumewe alifanya kazi Maskati miaka mingi. Siku ya kwanza alileta chai na kuuliza jina la kila mmoja. Mke wangu akamwita bhabhi, yaani wifi, na kijana akamwita beta, mwanangu, basi ikabaki hivyo. Ni yeye aliyetufundisha kwamba maji ya mfereji huja asubuhi kwa saa chache tu, na asiyejaza mapipa atashinda mkavu. Na kwamba bajaji, ingawa jina lenyewe ni la kiwanda cha huko, haziruhusiwi kuingia sehemu ya kusini ya mji.

Lugha haikutushinda kama nilivyohofia. Mke wangu na yule mama walianza kwa kuhesabiana maneno: chapati, achari, bangili, rangi, gari, dobi, laki. Kila walipopata moja lililo sawa walipiga makofi kama watoto wa chuoni. Mimi nilisoma vibao vya Kiurdu barabarani kwa sababu herufi zake ni jamaa za Kiarabu. Nilisoma yote na kufahamu nusu. Samaki nguru, ambaye Maskati tunamwita kanadi, kule ni surmai, na wanaomuuza ni wanawake wa Kikoli, wavuvi wa asili wa mji ule, ambao hawapunguzi bei kwa mwenye kanzu wala asiye na kanzu. Kijana wetu aliwapenda kwa hilo. Alipanda treni za mji, zinazojaa hadi watu wananing'inia milangoni, akazijua za haraka na za pole kuliko wenyeji wengine. Siku moja alikwenda kusini kuiona ngome ya Janjira, iliyojengwa baharini na kutawaliwa kwa karne kadhaa na Masidi, watu wenye asili ya Afrika. Alirudi usiku, amelowa, na kwa mara ya kwanza tangu tufike alizungumza hadi chakula kikapoa.

Mke wangu alitiwa dawa kwa dripu kila baada ya wiki tatu. Siku mbili za mwanzo hakula, ya tatu alitaka wali wa nazi, na nazi Mumbai si tatizo. Nywele zilipokatika alisema heri, maji ya kuoshea yamepungua. Sitaeleza zaidi, kwani ni yake kueleza.

Usiku wa tarehe 8 Novemba serikali ilitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 si halali tena kuanzia usiku wa manane. Sisi tulikuwa na bahasha nzima ya noti hizo, tumeziweka kwa ajili ya dawa. Benki zilipofunguliwa, foleni zake zilizunguka mitaa. Noti mpya za 2,000 zilipokuja, hakuna aliyekuwa na chenji. Wiki mbili tuliishi kwa daftari la muuza duka wa chini, ambaye aliandika deni letu kwa Kigujarati bila kutaka hata pasipoti, na kwa rupia mia mia za yule mama, alizokuwa amezificha ndani ya kopo la mchele. Kijana wetu alisimama foleni kwa zamu, kwa ajili yake na kwa ajili yetu. Walipomwona amembebea kiti chake, wapangaji wa jengo waliokuwa hawamsalimu wakaanza kumsalimu.

Tulirudi Maskati Februari 2017. Mke wangu yu hai, alhamdulillahi, na bado hupigiana simu na jirani yake kila Idi.

Kijana alitaka kurudi India kusoma, jambo lililotushangaza sote. Mwaka uliofuata nilimsindikiza Pune. Kutafuta nyumba nilikwenda mimi kwanza, na kanzu yangu na kofia, nikalipa amana. Yeye alikuja siku ya kuhamia, sanduku begani. Mwenye nyumba alimtazama, akanitazama mimi, akauliza kama huyo ni mtumishi wangu. Nikamwambia ni mwanangu, na jina lake ndilo lililo kwenye mkataba. Akakaa kimya kidogo, kisha akamkabidhi funguo.