Bonge akimbie mpaka wapi?

Hapa kwetu Keko ukiwa bonge, kila mtu ni daktari wako. Fundi anayepiga randa kando ya barabara, konda wa daladala, hata muuza maji, wote wana dawa moja: "Kimbia dada, toa uvivu!"

Hilo neno uvivu ndilo linaloniudhi. Bonge ninayemzungumzia ni dada yangu wa tumbo moja. Saa kumi na moja alfajiri, msomaji ukiwa bado unakoroma, yeye ameshavaa raba, anakata mitaa kutoka Keko Machungwa hadi kule Uwanja wa Mkapa na kurudi. Miezi minane sasa. Mzani umeshuka kilo moja na ushei, basi. Wambea nao wameshapata la kusema, eti akifika kona anakaa chini.

Hebu tuwaache hao, tuwasikilize waliopima. Kule Ziwa Eyasi wapo ndugu zetu Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mtafiti wa Kimarekani, Herman Pontzer, aliwafuata huko na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walitaka kujua mtu asiyejua kiti cha ofisi anatumia kalori ngapi kwa siku. Hawakukisia. Unakunywa maji yaliyotiwa alama ya kimaabara, kisha mkojo wako wa siku zinazofuata unapimwa, na hesabu inatoka.

Walipimwa Wahadzabe 30. Wanaume walikuwa wakitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6, na hapo hujahesabu kuchimba mizizi kwenye ardhi kavu wala kubeba mtoto mgongoni. Kila mtu angetegemea wawe wanaunguza kalori kama tanuri. Wapi! Majibu yalichapishwa mwaka 2012: ukishaweka sawa tofauti ya ukubwa wa miili, Mhadzabe anatumia kalori zilezile anazotumia Mmarekani anayeshinda amekaa.

Pontzer anaeleza kwamba mwili unafanya kama mama mwenye bajeti ya wiki: ukitumia sana huku, unabana kule. Wataalamu wengine bado wanabishana naye kuhusu unabana kiasi gani, waacheni wabishane. Kwake yeye unene unaanzia kwenye sahani. Na asije mtu akaacha mazoezi akasema nimemruhusu mimi! Moyo unayataka, na Wahadzabe mioyo yao ni mizima kweli.

Sasa utasema, basi si ale kidogo? Ndugu yangu, hamu ya kula nayo ina mambo yake. Mwaka 2019 mtafiti mwingine, Kevin Hall, alitoa majibu ya watu 20 aliowaweka ndani mwezi mzima. Wiki mbili walipewa vyakula vya kiwandani, vile vilivyochakatwa sana, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupikwa, na kila mmoja aliambiwa ale atakavyo. Sukari, mafuta na chumvi vilivyowekwa mezani vililinganishwa. Lakini kwenye vya kiwandani walikula kama kalori 500 zaidi kila siku, tena kwa haraka, na uzito ukapanda. Hao nao tuwaite walafi?

Zege ya hapa mtaani haitoki kiwandani, najua, viazi vinamenywa mbele yako. Ila dada anatoka kazini saa mbili usiku, foleni imemmaliza, na njia nzima kuna moshi wa chips, soseji kwenye kikaango na soda ya baridi. Kapu la matunda limeshafungwa zamani. Alfajiri yake ya jasho inaliwa pale kibandani kwa dakika kumi.

Tulipomsimulia habari za Wahadzabe hakusema kitu, ila soda ameipiga marufuku, na jioni anabeba maharage yake kwenye hotipoti. Mtihani uliobaki ni mama. Kwake mtu akiacha wali kwenye sahani amemtukana mpishi. Tena shangazi wa Mkuranga ameshatuma salamu: amesikia mwanawe anajikondesha, na anataka kuja mwenyewe kuuliza mtoto anaumwa nini, maana kwa anavyojua yeye, mtu hakondi hivihivi.