Trekta Linaposaga Meno

Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, ambaye kazi yake ni kusikiliza matamshi ya watoto, akikuandikia khabari za gia na oili. Lakini vijiji vingi siku hizi vina trekta dogo, la mtu mmoja au la shirika, na chuo chetu katika wilaya ya Korogwe kinalo moja. Lilinunuliwa mwaka 2019 kwa michango ya wazazi, likiwa limekwisha kutumika Japani: injini ya dizeli ya silinda tatu, magurudumu manne yenye kuvuta yote, na jembe la kuzunguka nyuma yake. Hulima mpunga wa chuo, hulimia majirani kwa malipo, na katika malipo hayo ndimo inamotoka mishahara ya walimu.

Mwezi wa Februari 2023, masika yakikaribia, trekta likaanza kusaga. Ulikuwa mlio mzito wa mawe mawili yasagayo mtama, wenye kukua kila mwendo ulipoongezeka. Akaitwa fundi. Alilisikiliza likipita njiani mara mbili, akasema giaboksi imekwisha. Hapana budi trekta likatwe kati, gia zitolewe, zitiwe nyingine. Fedha aliyoitaja ingetosha kuwalipa walimu wawili mwaka mzima. Kisha akaongeza neno lililokuwa zito kuliko bei: “Huyu kijana wenu huingiza gia bila ya kukanyaga klachi sawasawa.”

Wazee wa baraza wakaelekea kumwondoa dereva na kumzuilia ujira wake wa msimu. Yeye ni kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Alinijia baada ya alasiri, akaniambia, “Maalim, sikufanya hivyo, lakini sina la kuonyesha.” Nikawaomba wazee siku moja tu.

Mimi si fundi. Lakini marehemu baba yangu aliendesha trekta katika mashamba ya mkonge, na utoto wangu wote nilimshikia taa na spana kabla sijashika ubao wa kuandikia. Yeye alikuwa hataki kuulizwa mlio unatoka wapi kabla hajajua unalia lini. Sanduku la gia ni giza tupu, hakuna aonaye ndani. Bali kila shafti ina wakati wake wa kuzunguka na wakati wake wa kutulia, na mlio huo ndio utakaokutajia nani alikuwa akizunguka.

Basi asubuhi tulianza na trekta limesimama, injini inanguruma, gia haikuingizwa, mguu u mbali na klachi. Hapo shafti ya kwanza ya giaboksi huzunguka pamoja na beringi zake. Kimya. Nikamwambia kijana akanyage klachi. Lau mlio ungetokea wakati huo wa kukanyaga, tungeshuku beringi ya klachi yenyewe, ambayo hufanya kazi mguu unapokuwa chini. Kimya tena. Akangoja kidogo, akaingiza gia ya kwanza: ikaingia bila kelele. Na hili ndilo lililokuwa shauri la kijana wetu, kwani klachi isiyoachia vizuri, au dereva asiyeikanyaga hadi mwisho, hujulikana hapo hapo, gia zinapogongana meno wakati wa kuingia. Mlio wetu haukuwa wa kuingia gia hata kidogo. Tukaifunga na shafti ya nyuma inayozungusha jembe. Ikazunguka kwa utulivu.

Kisha tukamwaga oili kidogo ya giaboksi katika sahani nyeupe. Ilikuwa safi, na kipimo chake kimetimia. Kwenye sumaku palikuwa na ute mweusi laini kama wanja, jambo la kawaida kwa chuma kinachosuguana. Cha kuogopwa ni vipande vyenye ncha, au magamba ya rangi ya shaba ambayo sumaku haiyashiki, maana hayo hutoka katika pete na bushi za shaba zilizomo ndani. Havikuwapo.

Likabaki jambo la mwendo. Tulikwenda gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mlio ni ule ule, nao ulifuata magurudumu, wala haukufuata injini. Tukazima injini, tukaondoa gia, wanafunzi wakubwa wakalisukuma polepole uwanjani: likasaga. Gia alizotaka fundi kuzitoa zilikuwa hazibebi nguvu ya injini wakati ule, na mlio ungalipo!

Hapo nikauliza juu ya kijipini kilicho karibu na mguu wa dereva. Akajibu, “Maalim, hicho tangu lilipokuja kiko hivyo hivyo.” Ubavuni mwake pana maandishi ya Kijapani, na katika sisi sote hakuna awezaye kuyasoma. Ndicho kiungacho magurudumu ya mbele na injini. Nikakisukuma upande wa pili, tukaenda tena. Mlio ukapungua zaidi ya nusu, lakini haukwisha.

Katika trekta za namna hii, magurudumu ya mbele hufanywa yaende mbio kidogo kuliko ya nyuma, ili yavute mbele katika tope. Shambani haidhuru, kwa kuwa udongo laini huachia na tairi huteleza. Katika barabara ngumu tairi haipati pa kuteleza. Mbele na nyuma hushindana, na nguvu ya ushindani huo huyaelemea meno na beringi za ekseli ya mbele. Trekta letu lilikuwa likivuta tela la mifuko barabarani, kijipini kimeunga, kwa miaka minne.

Tukaliinua upande wa mbele, tukaweka magogo chini yake na mawe nyuma ya magurudumu, injini imezimwa. Niliegemeza bisibisi ndefu penye kisanduku cha gurudumu la kulia, mpini wake sikioni, huku kijana akizungusha kwa mkono. Mkwaruzo ulisikika kama mtu atafunaye changarawe. Wa kushoto ulikuwa mwepesi. Ekseli ya mbele ina oili yake mbali na ile ya giaboksi, nayo hakuna aliyeipima. Tulipofungua nati ya kulia yalitoka maji meupe kama chai ya maziwa, machache, yakimeta chembe za chuma. Majani na nyuzi za mifuko ya mbolea zilikuwa zimejizungusha penye ekseli hata zikaikata sili, na maji ya majaruba yakaingia.

Fundi aliitwa tena, naye simwiti mwizi. Mtu alipwaye kwa kufungua hufungua. Alisema mbele ya wazee, “Kweli, Maalim, mbele sikuangalia.” Akatoa beringi ambayo gololi zake zimeota vidonda, akatia nyingine na sili mbili na oili mpya, kazi ya siku moja na nusu, tena kwa usafi. Meno ya gia yalikuwa yamekwaruzika ncha tu, akayaacha.

Alhamisi ile baraza likakaa, kijana akapewa ujira wake wote. Mzee mmoja aliyekuwa mkali kupita wengine alimtaka radhi mbele ya watu.

Kijipini sasa kina maandishi ya rangi nyeupe: SHAMBANI TU. Baada ya saa hamsini za kazi tuliitazama oili ya upande wa kulia, ikawa safi. Ya kushoto ina weupe kidogo, na sili yake tumekwisha kuinunua. Itatiwa mpunga ukivunwa.