Kwenda Binza na Honda ya Mjomba

Mjomba alipostaafu ubwana shamba alinikabidhi Honda CG125 yake, na safari yangu ya kwanza nayo ilikuwa kutoka Bariadi kwenda Binza, nikishika lami ya Maswa. Ni pikipiki ya zamani hasa. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1976, na viwanda vingi vya China viliiga injini yake, kwa hiyo spea hazisumbui kupatikana huku Simiyu. Breki zake ni za dramu, mbele na nyuma.

Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Malori yalipita yamesheheni, na nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye miiba kando ya barabara. Nilikuwa nimeanza kuifurahia safari pale bodaboda mmoja aliponifikia ubavuni, akapaza sauti: "Kaka, stopu yako inawaka muda wote! Sisi wa nyuma hatujui unasimama au unakwenda."

Nikaegesha. Kweli, taa ya breki ilikuwa inawaka na mguu wangu uko chini. Wapo mafundi ambao dawa yao ni kukata waya wa swichi, taa izimike, mteja aende zake. Sikubaliani nao hata kidogo. Pikipiki hizi zinabeba wanafunzi na kina mama wenye watoto mgongoni, na taa hiyo ndiyo inayomwambia dereva wa lori kwamba kuna watu mbele yake wanapunguza mwendo. Nikaenda polepole hadi Binza, nikaulizia fundi.

Nilimkuta mzee mmoja chini ya mwarobaini. "Mwangaluka," nikamsalimu. Akaitikia huku kiganja chake kikikaribia dramu ya nyuma, akakiondoa haraka. Ilikuwa ya moto. Akaisimamisha Honda kwa stendi ya kati na kulizungusha gurudumu kwa mkono. Likaenda nusu mzunguko, likagoma.

Alilegeza nati ya fimbo ya breki, gurudumu likazunguka vizuri, lakini taa bado ikawaka. Hapo akainua pedali kwa kidole kimoja, nayo taa ikazima. Swichi haikuwa na kosa. Pedali ndiyo iliyokuwa hairudi juu: udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umekauka kwenye egemeo lake, na springi imechoka. Breki ilikuwa inashika kidogo njia nzima, na taa ilikuwa inasema kweli.

Akasafisha, akatia grisi, akabadilisha springi. Nilidhani tumemaliza. "Bado, mwanangu. Kanyaga kwa nguvu, uone mshale."

Ubavuni mwa dramu, kwenye mkono unaovutwa na fimbo, kuna kibati chenye mshale, na kwenye bamba la dramu kuna alama. Ukikanyaga hadi mwisho na mshale ukafika kwenye alama, shuu zimekwisha. Wangu ulikuwa umeipita. Kisha mzee akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliona: nukta ya mkono haikulingana na nukta ya ekseli ya kamu. Kuna fundi aliyewahi kuuchomoa mkono na kuusogeza jino moja ili breki ionekane inashika. Hila hiyo inarefusha mwendo wa fimbo, haiongezi unene wa shuu. Kibati cha mshale kina jino pana, hukaa mahali pamoja tu, kwa hiyo chenyewe hakidanganywi.

Alipofungua, bitana ya shuu ilikuwa nyembamba kama ganda la karanga. Vumbi la ndani hakulipuliza. Alilifuta kwa kitambaa chenye maji, na alifanya vyema, maana bitana nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asibesto. Akafunga shuu mpya, akarudisha nukta kwa nukta, akaacha pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla ya breki kushika. Swichi aliirekebisha mwisho kabisa, taa iwake pale tu breki inapoanza kushika.

Nilijaribu kwenye barabara ya vumbi, mwendo mdogo kwanza, kisha nikaongeza. Gurudumu lilishika bila kupiga kelele, na mwanafunzi wa yule mzee, aliyesimama nyuma, akanyoosha dole gumba: taa imewaka, imezima. Mzee akanitaka nipite tena baada ya kilometa kama 200, akague mchezo wa pedali upya shuu zikishakaa.