Tukifika kwenye Yatokanayo

Mikutano ya mtaa wetu huwa na mwendo mmoja. Tangazo hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, wajumbe hupita nyumba kwa nyumba kukumbusha, na saa nne iliyotangazwa huwa saa tano. Mwenyekiti hufungua, mtendaji husoma muhtasari wa mkutano uliopita, yanafuata yatokanayo, kisha mapato na matumizi, kisha kero za wananchi. Wengi huingia kero zinapoanza. Hapo ndipo sauti zinapopanda: kizimba cha taka kimefurika, maji hayajatoka, vijana wamekuwa vibaka, baa inapiga muziki hadi alfajiri. Anayesema vizuri hupigiwa makofi, watu hutawanyika wakiwa wametua mzigo.

Kwa miaka niliyohudhuria, nimeshawishika kwamba uzito wa mkutano uko mwanzoni, viti vingi vikiwa bado vitupu, pale muhtasari unaposomwa na mtu kuuliza lililoahidiwa limefikia wapi.

Aliyenifundisha hilo ni jirani yetu mmoja, mama anayeuza vitumbua asubuhi. Huja na daftari la shule la mjukuu wake, amelifunika kwa gazeti. Siku moja mtendaji alipomaliza kusoma, mama akanyoosha mkono.

“Mwenyekiti, naomba turudi namba tatu. Iliandikwa kwamba barua ya kalavati la njia ya shuleni itapelekwa kata. Imepelekwa?”

Mtendaji akapekua faili, akarudia kulipekua. Barua ilikuwa haijapelekwa. Watu wakaanza kuguna, na mmoja akataka kumtolea mtendaji maneno. Mama akamtuliza kwa mkono.

“Basi iandikwe leo kwamba haijapelekwa. Na iandikwe itapelekwa lini.”

Akaketi. Mkutano uliofuata, kabla hajauliza, mtendaji alikuwa na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa. Wote tuliokuwa pale tuliiona nguvu ya sentensi mbili zilizosemwa bila hasira na kuingizwa kwenye kumbukumbu.

Kalavati halikujengwa kesho yake, na mama hakutarajia lijengwe. Mwenyekiti wa mtaa hana fungu la kujengea kalavati. Hoja hutoka mtaani kwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, kisha huingia kwenye kamati za kudumu za halmashauri na baraza la madiwani, ambalo hukutana kwa kawaida kila robo mwaka. Ikiwa ni ya barabara, inabidi ifike TARURA, wakala unaosimamia barabara za mijini na vijijini tangu 2017. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na madiwani huwa wameipitisha bajeti miezi kadhaa kabla. Mwenye kusubiri masika yafurishe mtaro ndipo apige kelele huikuta bajeti imeshafungwa. Wakati wa kulisemea kalavati ni kiangazi, vumbi likitimka na mtaro ukiwa mkavu, mipango ya mwaka ujao inapokusanywa.

Tunapoisema vibaya halmashauri, tukumbuke pia kwamba nchi hii iliwahi kuishi bila halmashauri. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa vijijini zilivunjwa, na zile za mijini zikafuata muda mfupi baadaye. Huduma za miji zikadhoofika: taka, maji machafu, barabara. Mamlaka za miji zikarudishwa 1978, na mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili, Namba 7 ya wilaya na Namba 8 ya miji, zinazoongoza mfumo huu hadi leo. Ibara ya 146 ya Katiba inasema wazi kwamba serikali hizi zipo ili madaraka yafike kwa wananchi. Kwa hiyo mama wa vitumbua na daftari lake hakuwa akiomba hisani. Alikuwa akitumia kilicho chake.

Nimeyachukua haya hadi nje ya mikutano. Kwenye kikoba, kwenye vikao vya harusi na vya msiba, hata nyumbani na wanangu, nimeona ugomvi mwingi ukizaliwa na ahadi ambayo hakuna aliyeirudia. Ahadi ni deni, tunasema, lakini deni lisilodaiwa huzeeka na mdeni akalisahau kwa nia njema kabisa. Kumkumbusha mtu alichoahidi, kwa upole na kwa wakati wake, ni kumheshimu. Unamwambia kwamba neno lake ulilichukulia kuwa na thamani. Kiongozi asiyeulizwa hulegea; anayetukanwa hujificha. Anayeulizwa swali lilelile kila kikao, na watu walewale wenye kumbukumbu, hujifunza kuja na majibu.

Kalavati hatimaye lilijengwa, na watoto wanapita mvua ikinyesha. Kwenye mkutano uliofuata nilidhani mama atapumzika. Alinyoosha mkono kama kawaida, akauliza ni nani atakayelizibua likijaa taka, na akaomba jina la kamati liandikwe. Majirani wanne walijitolea papo hapo, na mtendaji akawaandika.

Tulipiga kura Novemba 2024 kuchagua wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji, na hatutawachagua tena hadi miaka mitano iishe. Katikati ya kura na kura, tulichonacho ni mikutano hii. Tangazo lijalo likibandikwa, fika kabla muhtasari haujasomwa. Sikiliza kilichoandikwa kuhusu mtaa wako, na kama kero yako ya mara iliyopita haimo, omba iingizwe kabla muhtasari haujathibitishwa. Kisha uliza imefikia wapi, na mkutano unaofuata uulize tena.