Kaveera Getini

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Kampala hugundua mapema kwamba mfuko wa plastiki hauna jina moja katika Afrika Mashariki. Sisi tunauita kaveera. Watanzania wengi waliuita rambo. Nairobi utasikia juala, na wapo wanaouita karatasi ingawa hauna undugu wowote na karatasi. Warwanda wana isashe, neno lililotoka katika Kifaransa. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliyaandika majina haya yote nyuma ya daftari langu, nikidhani ni somo la msamiati tu.

Sheria nazo ni nyingi kama majina. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vitu vingine vya plastiki vya kutumia mara moja. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini inayoweza kufika shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania ilianza tarehe 1 Juni 2019. Uganda ilitangaza mwaka 2007 kwamba mifuko myembamba kuliko maikroni 30 haitakiwi, lakini hadi leo ukinunua nyanya tatu sokoni unafungiwa kaveera hata kabla hujaomba. Basi mimi natoka katika nchi iliyowahi kutangaza na ikachelewa kutekeleza. Pengo hilo kati ya tangazo na utekelezaji nililiona kwa macho yangu likizo ya Desemba 2024.

Likizo hiyo nilipata kibarua katika bustani moja ya burudani iliyo kando ya ziwa, nje kidogo ya Kampala. Ni mahali penye bembea kubwa, treni ndogo ya watoto na mtelezo wa kuingilia bwawani. Uongozi ulikuwa umebandika tangazo: kuanzia mwezi huo, hakuna kuingia na kaveera, mirija, sahani na vikombe vya plastiki vya kutupa, wala chupa ndogo za maji. Ndani waliweka matangi matatu ya maji yaliyochujwa ili kila mtu ajaze chupa yake mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kukagua mikoba getini.

Siku za sikukuu geti lile liligeuka bunge.

"Dada, nimelipia watu sita," baba mmoja aliniambia akiwa amekumbatia katoni ya maji. "Watoto wakinywa maji ya tangi wakapata taifodi, wewe ndiye utakayekesha nao hospitali?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu hoja yake ilikuwa na uzito. Kampala tumezoea kuchemsha maji ya bomba, na chupa iliyofungwa kiwandani imekuwa kama cheti cha usalama. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ndiye aliyemjibu: "Shemeji, mwaka jana wanangu waliogelea katikati ya chupa tupu. Hayo nayo ni maji ya kuaminika?"

Kijana mmoja akadakia kwamba bembea yenyewe ina viti vya plastiki, kwa nini isipigwe marufuku nayo. Watu wakacheka. Nikamwambia, "Kaka, viti vile havitupwi jioni." Lakini bibi mmoja aliyevaa gomesi alisema jambo ambalo halikumchekesha mtu: "Waanze na viwanda. Mbona kila mara wanaanza na mkoba wangu?" Wengi waliitikia kwa kichwa. Hata mimi, niliyekuwa nimevaa sare ya bustani, niliitikia moyoni.

Siku nyingine mzee mmoja aliyewahi kuishi Marekani alitueleza kwamba mjadala huu si wetu peke yetu. Kule Florida kuna bustani ya Disney iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, na ndani yake wamejenga kijiji cha kuigiza mji wa Afrika Mashariki. Kijiji kinaitwa Harambe. Tangu mwanzo, alisema, humo hawagawi mirija ya plastiki wala vifuniko vya vikombe, kwa sababu mnyama akimeza kitu hicho atakufa. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2018 kampuni hiyo ilitangaza kuondoa mirija ya plastiki katika bustani zake nyingine pia. Na kule nako wageni walinung'unika: mrija wa karatasi unalowa na kulegea kabla soda haijaisha. Nilitabasamu kufikiria kwamba neno letu la kuvuta pamoja, likiwa limepungukiwa na herufi moja, limekwenda kuandikwa kwenye geti la mbali namna ile, na bado watu hawajakubaliana wavute kuelekea wapi.

Hoja nyingine iliyotolewa kule Marekani ilinifikia mimi mwenyewe getini. Mama mmoja alikuja akimsukuma binti yake kwenye kiti cha magurudumu. Katika mkoba wake nilikuta mirija sita ya plastiki, ile inayokunjwa shingo. Kabla sijasema neno aliniambia kwa upole, "Mwanangu hawezi kuinua kikombe. Wa karatasi anauma unakatika mdomoni, wa chuma unaweza kumjeruhi." Nilimwita msimamizi. Alimsikiliza, akamruhusu, na jioni ile tukaongeza mstari mmoja chini ya tangazo: mwenye ulemavu au mgonjwa anayehitaji mrija aingie nao. Hakuna mgeni aliyelalamikia mstari huo. Niliona kwamba watu hawachukii katazo. Wanachukia katazo lisilo na masikio.

Mjadala mkali kuliko yote ulikatizwa na mtu mmoja tu. Ilikuwa siku ya Krismasi, foleni ndefu, na watu wakipiga kelele kwamba bustani inawasumbua kwa takataka ambazo zina pa kwenda. Mwanamume mmoja aliyekuwa kimya akauliza, "Zinakwenda wapi?" Akajijibu mwenyewe: "Mimi natoka Kiteezi." Haikuhitaji maelezo. Sote tulikumbuka tarehe 10 Agosti mwaka ule, mvua ilipoporomosha lile jaa la taka la jiji la Kampala juu ya nyumba za watu, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Foleni ilinyamaza. Baba wa mbele yake akaacha chupa zake getini bila kuambiwa.

Hata hivyo, maneno ya mtu wa Kiteezi hayakumaliza yote, kwa sababu nje ya geti lile lile alikaa shangazi yangu. Kwa miaka mingi amekuwa akiuza karanga na maji ya matunda yaliyogandishwa, vyote ndani ya vikaveera vidogo. Fedha hizo ndizo zilizonilipia karo ya muhula wa kwanza chuoni. Wiki ile ya kwanza wateja walinunua kwake, wakafika kwangu, nami nikawaambia wasiingie na kaveera. Wakarudi kumdai fedha zao. Jioni tulipanda teksi moja kurudi nyumbani tukiwa hatusemeshani.

Siku ya tatu ndipo alipofungua kinywa. "Mwanangu," alisema, "wenye magari wamebeba chupa za chuma kutoka nyumbani. Mgahawa wa ndani umenunua glasi. Mimi nimepewa nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Wageni getini walibishana kama plastiki iondoke au ibaki. Shangazi aliuliza gharama ya kuiondoa inamwangukia nani. Mgeni alipoteza chupa moja ya maji; bustani ilipata ufuo safi na sifa; yeye alipoteza biashara. Tukikataza kaveera bila kujibu swali lake, atazikunja azifiche chini ya kikapu, kama soko zima la Kampala lilivyofanya tangu mwaka 2007.

Jibu, kwa maoni yangu, tulikuwa nalo tangu zamani. Wasomaji wenzangu waliokulia karibu na duka la mtaa wanaikumbuka soda ya chupa ya kioo. Ulikwenda dukani na chupa tupu mkononi, au uliacha fedha za chupa, au ulinywa ukiwa umesimama pale pale huku mwenye duka akikuangalia. Chupa ilirudi kwenye kreti, kreti ikarudi kiwandani. Hakuna aliyetuhubiria habari za mazingira. Chupa ilirudi kwa sababu ilikuwa na bei. Kaveera ilitufundisha kwamba chombo si mali ya mtu, na kitu kisicho mali ya mtu kinaishia mferejini, kisha ziwani.

Karanga hazikuwa tatizo: shangazi alirudia koni za magazeti kama alivyouza mama yake. Maji ya matunda ndiyo yaliyotutoa jasho. Mwishowe tulinunua vikombe 40 vya bati sokoni Owino. Mteja analipa bei ya juisi na kuongeza shilingi 1,000 ya kikombe. Akikirudisha anapewa shilingi yake. Nilimwomba msimamizi amruhusu kuweka beseni mbili za kuoshea karibu na bomba la getini. Alikubali kwa masharti ya usafi, na mimi nikawa mkaguzi wa beseni hizo pia. Mwezi ulipokwisha tulikuwa na vikombe 33. Saba vilikwenda na wenyewe, ila shilingi zao zilibaki, na zilitosha kununua vingine.

Sisemi kwamba beseni mbili zitaliokoa ziwa. Yule bibi wa gomesi bado ana haki ya kuuliza kuhusu viwanda, na sheria ya mwaka 2007 bado inasubiri mtu wa kuisimamia. Lakini nimejifunza kupima kila tangazo la namna hii kwa swali moja: je, limempa mtu wa chini kabisa kwenye foleni kitu cha kushika badala ya kile lilichomnyang'anya? Kama halijampa, basi mjadala haujakwisha, hata geti likiwa safi namna gani. Shangazi sasa ana vikombe 60, na anatafuta msaidizi wa kuosha.