Kilo Zilizokuja Baada ya Iddi

Desemba 2024, mgongo ukiwa umeniweka kitini, nilifungua daftari langu la mazoezi nikalisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Sikuwahi kufanya hivyo. Miaka mitatu nilikuwa naandika tu: tarehe, kilo, seti, basi nafunga. Siku ile nilichukua kalamu nyekundu nikazungushia rekodi yangu kubwa ya kila mwaka ya kuchuchumaa na chuma mabegani. Mei 24, 2022, kilo 95. Mei 13, 2023, kilo 105. Mei 3, 2024, kilo 112.5.

Tarehe zinarudi nyuma siku kumi, kumi na moja kila mwaka. Mwislamu hahitaji kalamu kuijua hesabu hiyo; ndivyo unavyorudi nyuma mwezi wa Ramadhani. Kila rekodi ilikuja wiki tatu hivi baada ya Iddi.

Niliduwaa. Ramadhani ndio mwezi niliouona kuwa hasara kwa mazoezi yangu. Nilikwenda jimu baada ya Tarawehe, mara mbili kwa wiki badala ya nne, seti mbili badala ya tano, chuma nimekipunguza hadi theluthi mbili ya kawaida, huku moyoni nikisikitika kwamba nguvu inayeyuka. Kumbe huo ndio mwezi pekee ambao mwili wangu uliachwa umalize kazi yake.

Mwanagenzi hana haja ya hesabu hizi. Mwaka 2021 nilianza na chuma kitupu cha kilo 20, na karibu kila nilipoingia niliongeza kilo 2.5. Uzito ulikuwa mdogo kiasi kwamba siku mbili za kula na kulala zilitosha kurudisha nilichotumia na kuongeza kidogo. Ukishatoka kwenye uanagenzi, uzito unaoweza kukukuza ni uleule unaohitaji wiki nzima, pengine zaidi, kupona kwake. Ukirudi kabla ya hapo, unaweka uchovu juu ya uchovu. Tena misuli hupona mapema kuliko kano zinazoishikiza kwenye mifupa, kwa sababu kano hupata damu kidogo. Unajisikia uko tayari, na kweli nusu yako iko tayari.

Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya waliosumbuliwa kwa baridi, kwa sumu na kwa kuchoshwa misuli. Aliona mwili hupitia hatua tatu: kwanza hushtuka, kisha huhimili, na usumbufu usipokoma, huishiwa. Makocha wa michezo walilichukua wazo hilo, na mipango mingi ya mazoezi ya nguvu imejengwa juu yake. Hatua ya kuhimili ndiyo inayodanganya. Ukiwa ndani yake unajiona imara, wala hakuna anayekuonyesha inapoishia.

Mimi nilionyeshwa, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe. Novemba ile, pembeni mwa ukurasa, nilikuwa nimeandika kwamba mapigo ya moyo nikiamka yalikuwa 66 kwa siku nne mfululizo, wakati kawaida yangu ni 58. Niliandika kwamba silali vizuri. Niliandika kwamba kilo 90, ambazo mimi hupashia mwili joto, zimekuwa nzito. Sikuandika kwamba asubuhi yake nilimkaripia mwanangu hadi akalia kwa sababu ya kikombe cha chai kilichomwagika, lakini nakumbuka. Juu ya yote hayo nikapakia 115. Mara ya tatu kushuka, kiuno kiligoma.

Wiki tano niliswali kwenye kiti. Maumivu niliyazoea, kushindwa kuweka paji la uso chini sikukuzoea hata siku moja.

Baba alikuja kunitazama. Ujanani alikuwa hamali katika bandari ya Tanga. Baada ya kumwamkia na kumsimulia, alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, kwetu mtu akianza kutetemeka magoti hatukumwambia akaze. Alitoka mstarini, mwenzake akaingia. Wewe huko unapokezana na nani?"

Sikuwa na jibu. Wala sitaki kuipamba kazi yake. Mahamali wengi hawakuwa na wa kupokezana naye, na hawana hadi leo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Magunia ya lumbesa ya masokoni kwetu yanapita hapo kwa mbali, na anayeyabeba akipumzika hali chakula. Mimi nilikuwa na hiari ya kupumzika, bure, na nikaitupa. Hilo ndilo ninalojutia kuliko kiuno chenyewe.

Sasa napanda wiki tatu, ya nne nashuka: theluthi mbili ya uzito, nusu ya seti, mwendo safi. Na siingoji kalenda ikiwa dalili zimetangulia. Mapigo, usingizi, uzito wa chuma cha kupashia, na hasira nyumbani. Mbili kati ya hizo zikikutana, siku hiyo napunguza. Si rahisi. Vijana wa jimu huniuliza, "Kaka, leo vipi?" na kuna sauti ndani yangu inayotaka kuwaonyesha vipi. Nawajibu kwamba hii ni wiki ya kupunguza, naendelea na kilo zangu 75. Wawili wameanza kuniuliza namna ya kuipanga.

Mwanangu ndiye anayeyapima mapigo yangu asubuhi. Hushika kifundo cha mkono wangu, akahesabu kwa sauti huku akiitazama saa ya ukutani, kisha akaandika mwenyewe daftarini.

Rekodi yangu ya sasa ni kilo 117.5. Niliiweka Septemba 2025, miezi mitano na zaidi baada ya Iddi, siku ya tano baada ya wiki ya kupunguza.